Turingi au adivencha? Jibu kwa kijana anayetaka kufika Nariokotome

Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini, kijana mmoja wa Kisauni alinishika mkono akanivuta kando. "Ami, si wewe uliyewahi kwenda Turkana kwa pikipiki?" Nikamwambia ni mimi, na mgongo wangu ni shahidi. Akatoa simu akanionyesha picha mbili. Ya kwanza ni turingi ya Kijapani iliyokwisha tumika, pana kama sofa, ina kioo kirefu cha kukinga upepo na masanduku matatu yaliyoshikana na mwili wake. Ya pili ni adivencha kubwa, ndefu miguu kama ngamia, gurudumu la mbele refu na jembamba, imepakwa matope makusudi ili ipendeze pichani. Bei zao zimekaribiana. Kijana ni fundi wa mashine za baridi katika hoteli, ameweka akiba miaka sita, na Disemba anataka kutoka Mombasa mpaka Nariokotome. "Ninunue ipi?"

Nilimjibu nusunusu, maana watu walikuwa wakitusukuma na kiatu changu kimoja kilikuwa hakionekani. Jibu kamili ni hili. Nimeona liwafae na wengine pia, kwa sababu vijana wa Pwani wanaonunua pikipiki kubwa wanaongezeka, na wengi wao hununua kwa jicho.

Tuanze na huko anakokwenda. Nariokotome iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol na Kataboi, kabla hujafika Lowarengak. Ni hapo mwaka 1984 ambapo Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutafuta mabaki ya kale na aliyefanya kazi katika kundi la Richard Leakey, aliokota kipande kidogo cha fuvu karibu na mto mkavu. Kilichofuata ni mifupa karibu kamili ya mvulana anayesemekana aliishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia inamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana. Mifupa yenyewe imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, lakini kijana wetu anataka kusimama pale pale ilipotoka. Mjadala wa mifupa ile baina ya wanasayansi na mashekhe nauacha kwa siku nyingine. Leo shida yangu ni namna ya kufika.

Kufika kwenyewe ni safari mbili zilizoungwa. Ya kwanza ni ya lami. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na ushei. Nairobi hadi Kitale, kupitia Nakuru na Eldoret, ni karibu 380. Kitale hadi Lodwar ni kama 300, ukipita Kapenguria, ukashuka Marich, kisha Kainuk na Lokichar. Jumla inapita kilomita 1,100. Zamani kipande cha Lokichar kwenda Lodwar kilikuwa mashimo yenye lami kidogo pembeni, na madereva wa mabasi waliona afadhali kupita porini. Barabara hiyo ya A1 imejengwa upya miaka ya karibuni, sehemu kubwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kuendelea mpaka Kakuma na Lokichoggio. Leo mtu akitoka Lodwar baada ya chai ya asubuhi anaweza kuwa Kakuma, kilomita kama 120, kabla jua halijapanda sawasawa.

Safari ya pili huanza ukiiacha lami hiyo. Kutoka Lodwar unashika njia ya Kalokol, kama kilomita 60, na nilipopita mimi ilikuwa lami kuukuu iliyomeguka vipande vipande. Kisha Kalokol hadi Nariokotome ni zaidi ya kilomita 70 za changarawe, mchanga na laga. Kwa asiyejua, laga ni mto usio na maji siku nyingi za mwaka. Ukiutazama kwa mbali ni kama uwanja wa pwani wakati maji yamekupwa, mweupe na laini, unavutia macho. Ukiuingia na pikipiki nzito ndipo unapojua kwamba mchanga wa bahari ulioshindiliwa na maji ni kitu kimoja, na mchanga mkavu wa laga ni kitu kingine kabisa.

Basi sehemu tisa katika kumi za safari hii ni lami. Mtu wa hesabu atasema turingi imekwisha shinda. Na mimi nilisema hivyo hivyo kabla sijaenda.

Turingi ni pikipiki iliyotengenezwa kwa nia moja: mtu akae saa nyingi barabarani bila kuchoka. Mfano unaojulikana zaidi ni Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 ikiwa na injini ya sisi 1,000, na leo ina sisi 1,833 na silinda sita zilizolala, tatu kila upande. Kiti chake kiko chini, kama sentimita 74 kutoka ardhini, hata mtu mfupi hukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Mgongo una mahali pa kuegemea, abiria ana kiti chake cha heshima, na nguvu ya injini huenda kwenye gurudumu la nyuma kwa mtaimbo uliofungiwa ndani ya mafuta badala ya cheni, kwa hiyo hakuna cheni ya kukaza wala kupaka grisi kila baada ya siku mbili.

Lakini siri kubwa ya turingi ni lile kombe la mbele na kioo. Aliyewahi kupanda pikipiki kutoka Mariakani hadi Mtito Andei anajua kwamba kinachomchosha si barabara, ni upepo. Upepo unakupiga kifuani saa tano mfululizo, shingo inakaza, mikono inang'ang'ania usukani kama mtu anayeogopa kuzama. Na kila lori la bandarini linalokuja mbele linakusukuma na hewa yake. Uchovu wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu aone lori likiwa limekwisha kuwa karibu. Turingi inakukinga na mambo hayo, na uzito wake unaifanya itulie pale ambapo nyepesi ingeyumba. Kwa barabara ya Mombasa na Nairobi, sijaona pikipiki ya kuishinda.

Adivencha nayo ina nasaba nyingine. Ilitoka jangwani. Mashindano ya Paris hadi Dakar yalianza mwishoni mwa mwaka 1978. Mwaka 1980 BMW wakatoa R80 G/S, pikipiki kubwa ya kwanza ya aina yake iliyokusudiwa njia ya lami na njia ya vumbi kwa pamoja, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda Dakar juu ya BMW. Honda wakaja na ushindi wao wa miaka minne mfululizo kuanzia 1986, na mwaka 1988 wakaanza kuuza pikipiki waliyoiita Africa Twin. Jina la bara letu likawa tangazo la biashara Ulaya na Japani, ingawa sisi wenyewe wakati huo tulikuwa tukipanda baiskeli.

Ukiitazama adivencha utaona mambo matatu. Springi zake ni ndefu. Africa Twin ya sasa, kwa mfano, gurudumu la mbele lina nafasi ya kupanda na kushuka sentimita 23, ambapo kwenye Gold Wing ni kama nusu ya hapo. Tumbo lake liko juu, sentimita 25 kutoka ardhini, huku la Gold Wing likiwa sentimita 13 hivi, yaani jiwe la ukubwa wa nazi linatosha kulipasua. Na gurudumu la mbele ni kubwa, inchi 21, jembamba, mara nyingi la njiti badala ya rimu nzima. Gurudumu kubwa hupanda juu ya jiwe au tuta la mchanga, dogo hugonga likazama. Ni mambo ya fizikia tu, hata mkokoteni wa maji wa mtaani kwetu una magurudumu makubwa kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nieleze yaliyotukuta.

Tulikuwa wawili. Mimi nilipanda adivencha ndogo ya silinda moja, sisi 400 na ushei. Mwenzangu, mtu mzima wa Mji wa Kale mwenye biashara yake, alipanda turingi aliyoinunua mkono wa pili. Mpaka Lodwar yeye alikuwa mfalme. Mimi nilipofika Voi shingo ilikuwa inauma, yeye alikuwa anasikiliza kisomo kwenye spika za pikipiki yake. Njia ya Nakuru akanisubiri mara tatu. Tulipolala Kitale alioga akaenda kutafuta nyama choma, mimi nikaswali, nikafupisha kama msafiri anavyoruhusiwa, nikaanguka kitandani na viatu. Lodwar niliingia kama papa mkavu.

Baada ya Kalokol mambo yakageuka. Laga ya kwanza ilikuwa fupi, akaivuka kwa kasi na dua. Ya pili gurudumu la mbele likazama, usukani ukajigeuza, pikipiki ikalala upande wa kulia na mguu wake ukabaki chini, baina ya mchanga na lile sanduku la pembeni. Bomba la moshi lilikuwa limegusa ndama ya mguu kupitia suruali. Nikatupa yangu chini nikakimbia.

Sikuweza kuinyanyua. Nilisoma ufundi wa magari, nina diploma ya kazi hiyo, najua mahali pa kushika na namna ya kutumia miguu badala ya mgongo. Sikuweza. Mashine ilikuwa na zaidi ya kilo 300, ukiongeza mizigo na petroli, na mchanga haukupi mahali pa kukanyaga: unasukuma, unazama wewe. Nilifukua mchanga chini ya mguu wake kwa mikono kama mbwa, yeye akipiga kelele kwamba anaungua. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Waliotuokoa ni vijana watatu waliokuwa na mbuzi na mzee mmoja mwenye kigoda chake kidogo cha Kiturkana mkononi. Sisi watano tuliinyanyua kwa mara moja, na ule mguu ukatoka na jeraha la moto ambalo alama yake anayo mpaka leo.

Tulipokuwa tumekaa kivulini tukimwagia maji ule mguu, ikaja Boxer. Dereva, abiria wawili na mbuzi mmoja katikati, jambo ambalo sheria ya trafiki hairuhusu. Ikaingia laga ile ile polepole, dereva akashusha miguu chini akawa anapiga mchanga kama mtu anayepiga makasia, ikatoka ng'ambo. Ilikuwa imevaa tairi zilizokwisha. Mwenzangu akaitazama mpaka ikapotea, hakusema neno.

Ndiyo maana nikiulizwa swali hili sianzi na injini wala na springi. Nauliza pikipiki ina kilo ngapi, na ikilala mchangani wewe utainyanyua peke yako? Gold Wing inapita kilo 360. BMW kubwa za GS ziko karibu na kilo 250. Africa Twin ni kama 230. Yamaha Ténéré 700 ni 205 hivi, Royal Enfield Himalayan ya sisi 411 inakaribia 200. Boxer ya sisi 150 ni nyepesi kwa mbali kuliko hizo zote. Kwa hiyo ugomvi wa turingi na adivencha unaficha ugomvi mwingine, wa nzito na nyepesi. Adivencha kubwa yenye masanduku matatu ya bati, tangi lililojaa na mahema juu, ni nzito karibu kama turingi na iko juu zaidi, kwa hiyo huanguka kutoka mbali zaidi.

Vijana hutazama filamu za wasafiri wakubwa wakadhani zile pikipiki zinajiendesha. Ewan McGregor na Charley Boorman walipotoka Uskoti mpaka Cape Town mwaka 2007 juu ya BMW za GS, walipita kaskazini mwa Kenya njia ya Moyale, ambayo wakati huo haikuwa na lami. Walikuwa na magari ya msaada na watu wa kuwainua. Miaka ya sabini kabla yao, Mwingereza Ted Simon alizunguka dunia miaka minne kwa Triumph ya sisi 500 ya barabarani, isiyokuwa turingi wala adivencha kwa maana ya leo, akapita Kenya pia. Huyo hakuwa na gari nyuma yake. Alikuwa na pikipiki ambayo fundi wa kijijini angeweza kuifungua.

Hilo la fundi ni la pili kwa uzito kwangu. Pikipiki kubwa za siku hizi, za turingi na za adivencha sawasawa, zimejaa sensa na kompyuta. Ikizima njiani, taa nyekundu inawaka, na anayeweza kuiuliza kwa nini imewaka yuko Nairobi na mashine yake maalumu. Lodwar wapo mafundi hodari, na Kakuma pia, mji uliokua kwa sababu ya kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambako utakuta maduka ya Wasomali na Wahabeshi yenye kila kitu cha Boxer na TVS. Lakini ukiwaomba pedi za breki za turingi ya Kijapani ya sisi 1,300 watakukaribisha chai, kwa sababu hicho ndicho watakachoweza kukupa.

Kalokol yenyewe ina somo la jambo hili, na linanifanya nicheke kila nikilikumbuka. Wanorwe walijenga hapo kiwanda cha samaki kwa msaada wa serikali yao, cha kugandisha samaki wa ziwa kwa barafu ili wauzwe mbali. Mashine nzuri, jengo kubwa, nia safi. Kiliendeshwa muda mfupi tu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikagundulika kwamba kuendesha majokofu katika joto lile gharama yake inakula samaki wenyewe. Watu wakarudi kukausha samaki juani kama walivyokuwa wakifanya. Kijana wangu wa mashine za baridi atakapopita hapo namwomba atazame jengo lile kwa jicho la kazi yake.

Tairi ni habari ndefu, nitaieleza kwa ufupi. Turingi huja na tairi pana za lami, laini upande hadi upande, na ukiziingiza mchangani huteleza kama sabuni. Za adivencha zina mashavu yenye meno, nusu ya lami nusu ya vumbi, zinavuma barabarani na huisha upesi, lakini zinashika. Kwa aina yoyote, ukiacha lami punguza upepo. Kama lami unatumia 36, shusha mpaka 22 au 24, tairi itatanuka na kuelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Chukua pampu ndogo, kwa sababu ukirudi kwenye lami na upepo kidogo kwa kasi ya 100, tairi itapata moto mpaka ipasuke. Rimu za njiti zenye tyubu zinazibwa na fundi yeyote wa baiskeli. Tairi zisizo na tyubu ni rahisi zaidi kuziba wewe mwenyewe kama una vifaa, ila rimu nzima ikipinda kwa jiwe haina dawa. Sisi wa Pwani tuna ziada ya tatizo: chumvi ya bahari inakula njiti. Kagua adivencha iliyotumika Mombasa njiti moja moja, ukiona kutu kwenye shina usikubali maneno ya "itapigwa rangi".

Mizigo iwe kwenye mifuko laini, ya turubai. Sanduku gumu la pembeni ni zuri kwa Nyali na Nairobi, lina kufuli, mvua haiingii. Mchangani ndilo lililombana mwenzangu mguu. Mfuko laini ungebonyea.

Joto la Lodwar kwa mchana ni nyuzi 35 na kuendelea siku nyingi za mwaka, na mvua yake ya mwaka mzima ni haba. Pikipiki kubwa ikitambaa mchangani kwa gia ya kwanza haipati upepo wa kuipoza, feni inaunguruma, na moto wote wa injini unapanda mapajani mwako. Hapo kombe la turingi lililokuwa neema Mtito Andei linageuka tanuri. Beba maji lita tano kwa uchache kwa mtu mmoja ukitoka Kalokol, na usiyahesabu kama mizigo. Petroli jaza tele Lodwar, kwa sababu mbele ya hapo utapata ya chupa au ya dumu, na hujui imekaa juani tangu lini. Safiri alfajiri. Na ukiona wingu upande wa milima huku laga imekauka, ngoja. Maji ya laga hutoka mvua iliyonyesha mbali, hukuta wewe uko katikati ukipiga picha. Kipande cha Marich hadi Lokichar nacho, kabla hujakiingia uliza polisi hali ya usalama, wala usikipite usiku hata kama unakijua.

Kuna jambo la kimo, ambalo wauzaji hawalitaji. Kiti cha Ténéré kiko sentimita 87 kutoka ardhini, cha Africa Twin ni 85 hadi 87. Kijana wetu ni mfupi kama mimi. Mtu wa kimo chetu akisimama kwenye taa za trafiki za Buxton juu ya pikipiki kama hiyo anagusa lami kwa ncha ya vidole, na akisimama kwenye mteremko wa changarawe hagusi kitu. Himalayan ni 80. Sentimita saba si kitu kwenye karatasi, ila ndizo zinazoamua kama utaanguka ukiwa umesimama.

Na kuna mkewe. Ameniambia mwisho kabisa, kama kitu kidogo, kwamba bibie anataka kwenda naye. Hapo turingi inapata nguvu tena, kwa sababu hakuna mwanamke wa kukaa kilomita 1,100 juu ya kiti cha nyuma cha adivencha ndogo halafu akaendelea kumsemesha mumewe. Lakini nikamuuliza: atavaa buibui? Akasema ndiyo. Buibui na cheni iliyo wazi havikai pamoja, tumekwisha wazika watu mjini kwetu kwa sababu hiyo. Lifungwe ndani ya koti refu, au avae suruali pana chini na alikunje vizuri, na cheni iwe na kifuniko kizima. Turingi yenye mtaimbo haina hatari ya cheni, ila gurudumu la nyuma bado linazunguka, na nguo ikiinaswa nalo matokeo ni yale yale.

Mwenzangu wa mguu ulioungua bado ana msimamo wake, na ni haki nimpe nafasi. Siku ile tuliirudisha turingi yake Kalokol, tukaiacha kwa mwenyeji aliyetuaminisha, naye akalipia Boxer na dereva wake impeleke Nariokotome. Alifika kabla yangu. Mimi na adivencha yangu nilianguka mara mbili, nikainyanyua mara mbili, nikamkuta amekaa kivulini anakunywa soda ya moto na kuniuliza nilikuwa wapi. Anasema akirudi atafanya vile vile: turingi mpaka Lodwar, Boxer kutoka hapo. Pesa aliyomlipa dereva ilibaki Turkana, na dereva alijua kila laga kwa jina lake. Sina la kumjibu hapo. Kwa mtu mwenye mke nyuma na anayeishi mjini, anayekwenda mchangani mara moja katika maisha yake, hiyo ni hesabu nzuri kuliko kununua pikipiki ya jangwani ya kuendea Mtwapa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni kwamba kati ya picha zile mbili, ile kubwa ya matope aiache. Ni nzito mno kwake, ndefu mno, na ina kompyuta nyingi kuliko mashine za hoteli yake. Kama anakwenda na mkewe na anakubali kuiacha Lodwar, achukue turingi, aikague mtaimbo na mpira wa radieta, na asithubutu kuvuka Kalokol nayo. Kama anakwenda peke yake na anataka afike Nariokotome juu ya pikipiki yake mwenyewe, basi atafute picha ya tatu, adivencha ndogo isiyozidi kilo 200, hata kama haipendezi kwenye simu, na avumilie upepo wa Mtito Andei kama nilivyouvumilia mimi.

Jumapili tumepatana kwenda kuiona turingi. Nimemwambia tutaomba tuilaze chini kwenye mchanga wa uwanja wa mpira, yeye ainyanyue peke yake, mimi nitasimama mikono nyuma. Mwenye pikipiki bado hajakubali.